Kesho Bamvua, na Wewe Utapanda Basi

Mwanangu Idrisa,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua: umekasirika, umetoka kwenda kuswali isha na mlango umeubamiza mpaka mke wa Ami kule chini akauliza kama dari limeanguka. Mashati uliyoyatoa begini ukayatupa kitandani nimeyakunja upya na kuyarudisha. Ukiyatoa tena nitayarudisha tena. Nina usiku mzima na mikono miwili.

Najua utacheka kwa hilo neno "mwanangu". Mimi nina miaka kumi na tisa, wewe kumi na tano, na mtu asiyetujua akituona Ndia Kuu hudhani ni ndugu wawili wanaogombania simu. Kweli, sisi ni ndugu. Lakini mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mmoja na wewe saba, na baba alikuwa akitoka na boti alfajiri na kurudi amechoka hata kijiko hakishiki vizuri. Wakumbuka ule mkutano wa wazazi shuleni kwenu? Mwalimu aliita, "Mzazi wa Idrisa?" Nikasimama nyuma ya darasa na sare yangu ya shule. Wakubwa wakacheka. Mwalimu akauliza, "Wewe ni nani wake?" Nilitaka kusema dada. Badala yake nikasema, "Mimi ndiye." Tangu siku hiyo mtaa mzima wa Kuze waniita mamake Idrisa, na mimi, nisiyeweza kuitikia hata salamu bila kuangalia viatu vyangu, jina hilo sikuwahi kulikataa. Kama ni mzaha, mzaha huo nimeulea miaka minane. Nina haki nao.

Naandika kwa sababu kusema nimeshindwa. Tukigombana wewe wasema mbio, na mimi nikipandisha sauti machozi hutangulia. Shuleni walinifundisha barua ya Kiingereza ya kuomba kazi, na barua ya Kiswahili ya kumshukuru mjomba kwa zawadi. Hakuna aliyenifundisha barua ya kumfukuza nyumbani mtu unayempenda. Hii naibuni.

Mambo ya kufua, kula, kuvaa fulana ya ndani kwa baridi ya Nakuru, hayo nimekwambia wiki nzima na yameingilia sikio hili yakatokea lile. Nayaacha.

Jambo ni moja, niliseme wazi tusizunguke. Kesho asubuhi basi lako laondoka Mwembe Tayari kwenda Nakuru, kwenye shule yenye karakana uliyoililia mwaka mzima. Asubuhi hiyo hiyo Ami Twaha, ndugu wa baba, ataka kuona kama boti ya baba yaweza kupanda mkono wa bahari wa Tudor mpaka Mikindani, na mzigo, maji yakitoka kwa nguvu za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, kwa mota ya umeme uliyoifunga wewe. Ikishindwa, mota yang'olewa na mashine ya petroli yarudi. Wewe wasema huendi popote mpaka hilo liishe. Mimi nasema utakwenda, na mota haing'olewi.

Nianze na jambo ambalo sijakwambia. Mwanzoni mimi mwenyewe nilitaka mota yako ishindwe.

Usiirarue karatasi. Soma. Wakumbuka mashine ya zamani ilivyonguruma? Mtu akisema neno mbele, wa nyuma hasikii. Moshi machoni, kelele kifuani, na mimi ndani ya kelele ile nilikuwa na raha zangu. Nashika usukani, nanyoosha mkono, abiria aniwekea nauli kiganjani, hakuna aniulizaye kitu. Baba alipofariki na usukani ukanifikia, watu walisema msichana huyu ana ujasiri. Ujasiri gani? Nilikuwa nimejificha. Mtu mwenye haya akipata kelele ya kutosha haonekani.

Ukaja wewe na mota ya tuktuk ya umeme iliyogongwa na lori. Ukaikalisha chini ya ubao wa nyuma, betri ukaitia kwenye sanduku la mbao, ukaiunga na ile fimbo ya chuma inayozungusha pangaboi ndani ya maji. Siku ya kwanza nyaya ulizifunga kinyume, boti ikarudi nyuma ikagonga gati, vijana wakapiga makofi. Siku ya pili ikaenda. Ikaenda kimya.

Kimya kile! Nilisikia watu wakimeza mate. Mama Kasyoka, yule muuza mboga wa Mikindani ambaye humaliza safari nzima akimsema jirani yake, alianza kama kawaida, akasikia sauti yake mwenyewe imeijaza boti, akakata neno katikati.

"Ai, Rukia," akasema, "hii mashine yenu imekufa?"

Nikatikisa kichwa.

"Kama haijakufa mbona hailii? Sasa mimi nitamsengenya mtu namna gani, na mwenyewe ndiye huyo amekaa hapo?"

Boti nzima ikacheka, na huyo jirani akacheka kuliko wote, kisha wakanigeukia mimi, kila mmoja, wakingoja niseme kitu. Hapakuwa na pa kujificha. Uso uliwaka kama nimeinamia jiko. Siku ile niliomba dua mota iungue, na wewe ulikuwa umelala pembeni yangu na bisibisi mkononi.

Haikuungua. Na kwa kuwa hapakuwa na kelele, ikabidi niseme. Kwanza nilisema "kaeni katikati". Kisha "habari za nyumbani". Kisha siku moja Mama Kasyoka akaniuliza mwanangu asoma wapi, nikamjibu, na jibu likachukua njia yote kutoka daraja la Nyali mpaka tukashuka. Akawageukia wenzake akawaambia, "Kumbe huyu msichana ana mdomo! Alikuwa ameuweka wapi?"

Nikasikia na kitu kingine ambacho baba, miaka yote na mashine ile, hakuwahi kukisikia. Nilisikia maji. Maji yanayokwenda mbio husugua ubao kwa sauti yake, na yaliyolala yana sauti yao. Nikifumba macho najua kama niko mkondoni au niko kando. Hilo hukunipa kwa kukusudia, lakini wewe ndiye uliyenipa.

Sasa makosa. Lile kubwa ni letu sote. Tumezaliwa hapa, madirisha yetu yanusa chumvi, na bado tulifanya kosa ambalo mtu wa bara angesamehewa. Tuliijaribu mota wiki nzima ya maji mafu, yale maji ya nusu mwezi yanayojaa kidogo na kutoka kidogo, yasiyo na haraka na mtu. Betri ikatupeleka, ikaturudisha, na ikabaki. Ukapiga hesabu zako, ukaniambia, "Da Rukia, inatosha." Nikasema inatosha. Hatukungoja mwezi ujae. Ikaja bamvua, maji yakatoka kana kwamba chini kumezibuliwa, boti imejaa watu na magunia ya viazi, na mimi nikaipeleka katikati ya mkondo kama nilivyozoea na petroli, kifua kwa kifua na maji. Chini ya daraja la Nyali tukasimama. Pangaboi lazunguka, maji yapita, nguzo ya daraja haisogei. Kisha mota ikazima.

Tukarudi kinyumenyume. Tukapita mbele ya gati letu wenyewe kinyumenyume, watu wamejipanga watutazama, na mzee mmoja akapaza sauti, "Yakhe, mwaenda wapi na mgongo?" Tukaipita Ngome, mbele yetu bahari kuu. Mama Kasyoka alisoma dua zake za kanisani, na alizozisikia kwetu pia akazisoma, asiache mlango haujabishwa. Mpaka boti ya wavuvi ikaturushia kamba.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini hata ukiwa fundi mkubwa huko, hili usilisahau: wale watu hawakupanda boti ili wajaribiwe. Walipanda ili wafike nyumbani.

Lililofuata ni langu peke yangu. Kesho yake nilikushika mkono nikakupitisha baraza baada ya baraza, kutoka Ndia Kuu hadi mlangoni petu Kuze, ukiomba radhi. Ndivyo nilivyokulea: inama, omba radhi kwanza, mengine baadaye. Mimi nimeishi hivyo nikaona ni adabu. Kwa abiria wetu ilikuwa haki yao, tena tungeweza kupiga magoti. Lakini nilikuombesha radhi kwa watu ambao hata hawakuwemo botini. Kwa muuza vinyago aliyekuwa akitucheka. Kwa wazee waliosema, "Mtoto achezea umeme baharini, na mkubwa wake amtazama." Ukawaambia, "Nisameheni, sitajaribu tena," na mimi nimesimama kando nakubali kwa kichwa. Ulinitazama mara moja tu, halafu ukatazama chini, na ulivyotazama chini nilijiona mimi. Katika vyote ambavyo mwana angeweza kurithi kwa mama, kwangu ukarithi kile.

Hukukosea kujaribu, Idrisa. Ulikosea mwezi.

Na zile spana! Muhula mmoja nilizificha ndani ya pipa la mchele ili usome. Hukusoma. Ulifungua pasi kwa kisu changu cha mboga, ncha ikavunjika, nikakupiga. Pasi ilikuwa mbovu kabla hujaigusa, nami nilijua. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilidhani mzazi ni mtu anayepiga kwanza asije akaonekana hajui la kufanya. Siombi unisamehe hapa, maana ukinisamehe kwa haraka utafika Nakuru hujakasirika vya kutosha, na nataka ufike na hasira kidogo. Itakusaidia. Kutakuwa na watu watakaocheka unavyotamka Kiingereza, na watakaouliza mtu wa pwani na mota wapi na wapi. Uliyemkosea, mpe radhi yake yote, bila "lakini". Usiyemkosea, mwamkie ukapite. Basi.

Sasa ya leo, maana wewe umeisikia kwa watu, na watu wametia chumvi.

Ulikuwa umekwenda kumuaga mwalimu wako wa chuoni, aliyekusomesha Kurani. Baada ya adhuhuri Ami akaja gatini na mahamali wawili na mkokoteni, na juu yake ile mashine ya petroli imefunikwa turubai. Alikuwa amekwisha sema zamani, mbele yetu sote, "Idrisa akiondoka, mashine yarudi," na mimi siku hiyo niliangalia mkeka nikanyamaza. Akadhani nimekubali. Simlaumu. Kunyamaza kwangu kila mtu hukusoma apendavyo.

Nilikuwa ndani ya boti. Nikaona turubai lile, nikakaa. Nilipokaa palikuwa juu ya sanduku la betri.

"Ondoka hapo, mwanangu," Ami akasema. "Hawa wana kazi nyingine."

"Siondoki, Ami."

"Wasemaje?"

"Nasema siondoki."

Mahamali wakatazamana. Mmoja akakaa kwenye ukingo wa mkokoteni akatoa chungwa akaanza kumenya, ameshajua shughuli ina urefu.

"Rukia, mimi si adui yako," Ami akasema, na sauti yake ilikuwa chini kuliko nilivyotarajia. "Siku ile nilisimama papa hapa nikawaona wana wa ndugu yangu wachukuliwa na maji kwenda bahari kuu. Sina macho ya kuona vile tena. Na huyo fundi wenu kesho hayuko. Ikizima, nani ataitengeneza?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe wanunua mkate kwa kuonyesha kidole!"

Gati zima likacheka. Na ni kweli, Idrisa, nanunua mkate kwa kuonyesha kidole. Nikajikuta nacheka pia.

"Mkate wafika nyumbani, Ami," nikasema.

"Mwambie!" akadakia Mama Kasyoka, amekaa juu ya kikapu chake cha sukuma wiki. Hakuna aliyemwita kwenye maneno, lakini yeye huwa haitwi.

Nikamweleza Ami. Nilisema siku moja maneno ya mwaka. Kwamba tangu siku ile umeitengeneza upya: pangaboi la sasa ni kubwa na lazunguka polepole, kwa sababu umetia mnyororo na gurudumu la meno la pikipiki. Kwamba betri ni mbili, na mota hufunikwa gunia bichi ili isichemke. Na kwamba haya yote si kitu bila jambo moja: safari hii sitashindana na mkondo. Nitapanda kandokando ya mikoko, maji yalipolala. Nikifika darajani nitajibanza nyuma ya nguzo, pale maji yanapojizungusha, nipumzishe mota, kisha nikate kwa mshazari mpaka upande wa pili.

"Na utajuaje yalipolala?"

"Nayasikia."

Ami akamtazama yule hamali anakula chungwa kana kwamba jawabu liko kwake.

"Kesho bamvua," akasema. "Wajua?"

"Najua."

"Basi kesho maji yakitoka, mupande na mzigo mpaka Mikindani. Mukirudi kwa kamba, mashine yangu yaingia na sitaki kusikia neno."

"Na tukifika?"

Akageuka kama hakusikia.

"Nimeuliza, Ami. Na tukifika?"

Sijawahi kumuuliza Ami kitu mara mbili tangu nizaliwe.

"Mukifika," akasema, "mashine hii niiuze kwa watu wa vyuma."

Mama Kasyoka akasimama akajikung'uta. "Haya, na mimi mnihesabu."

"Sichukui abiria kesho, Mama Kasyoka. Magunia tu."

"Si nimesema mnihesabu? Mimi ni gunia."

"Hapana."

"Gunia haliulizwi, linapakiwa!"

"Hapana, mama," nikasema, na nilimtazama usoni nikisema. Amenuna. Kesho atapanda gari, atatungoja Mikindani akiwa bado amenuna. Kisha nikaenda mwenyewe kwa wavuvi nikawaomba boti yao ikae karibu na daraja, ili kama nimekosea, nikosee mbele ya watu wenye kamba. Wakauliza kwa nini Ami hakuja kuomba yeye. Nikawaambia boti ni yangu.

Ndipo ukarudi wewe. Ukatoa mashati yako. Ukasema, "Mota ni yangu, Da Rukia. Bila mimi hujui hata waya upi wa wapi."

Yaliniuma, na nusu yake ilikuwa kweli, ndiyo maana yaliniuma. Lakini nyaya nazijua. Kila ulipofunga, nani alikushikia tochi? Mwekundu huku, mweusi kule, wa manjano usiguswe na maji. Nikikosea nitatetemeshwa mimi.

Ile nusu nyingine ndiyo iliyonikalisha chini niandike. Ukibaki kesho, utabaki na keshokutwa. Patakuwa na mnyororo umelegea, patakuwa na betri yahitaji jicho lako, na mimi nitafurahi, Mungu anisamehe, nitafurahi kila siku kuwa umebaki. Nafasi yako ya shule atapewa mtoto mwingine. Na Ami atakuwa amesema kweli, kwamba boti haiendi ila Idrisa awemo ndani. Kitu kisichoweza kwenda bila aliyekitengeneza hakijamalizika. Wewe umekimaliza au hukukimaliza? Mimi nasema umekimaliza. Wewe ndiye usiyeamini, wala si Ami.

Wataka kujua kama naogopa? Naogopa. Yawezekana nirudi kwa kamba, na yule mzee ataniuliza tena naenda wapi na mgongo, na mashine ya petroli itaingia. Ikiwa hivyo, nitakupigia simu nikwambie ilizimia wapi na maji yalikuwaje, nawe utaketi kwenye karakana ya watu na kufikiri. Kisha nitaanza kumsumbua Ami upya. Amezoea Rukia wa kimya. Hajaishi na huyu mwingine.

Kwa hiyo kesho sikusindikizi. Nilikuwa nimepanga nikubebee begi mpaka Mwembe Tayari na nisimame hapo mpaka basi lipotee, kama wanavyofanya mama za watu. Maji hayakupanga hivyo. Yanaanza kutoka mapema na hayangoji basi. Mke wa Ami atakwenda nawe. Watu watasema mamake Idrisa hana moyo, mtoto anaondoka yeye yuko majini. Waache waseme, na wewe usinitetee.

Usinipigie asubuhi, mikono itakuwa na kazi. Na usije gatini. Nakujua, utajifanya umesahau kitu. Ukija, utakuta kamba nimeshaifungua. Nitakuona, nitakupungia mkono kama ninavyompungia mtu yeyote aliyechelewa, na nitaenda zangu.

Mamako, apende asipende mtu,

Rukia